Je, Neno la Kweli Laweza Kuwa Kosa?

Katika vijiji vilivyo kando ya ziwa Tanganika, kati ya Kalemie na Moba, habari za siku hufika pamoja na mitumbwi. Kabla jua halijapanda, wanawake huteremka pwani na vitunga vyao kuwangojea wavuvi; na kabla samaki hawajapimwa, maneno yamekwisha kugawanywa: mtumbwi wa fulani umejaa ndagala, wavu wa fulani umepasuka mawe­ni, taa ya fulani ilizimika usiku wa manane, mke wa fulani amejifungua mtoto wa kiume. Gazeti halifiki huko. Gazeti la kijiji ni kinywa cha jirani, na kila mwenye masikio ni msomaji wake.

Wala jambo hilo si la kudharauliwa. Misioni ya Mpala, iliyokabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, ilikaa miaka yake ya kwanza ikingojea barua zilizochukuliwa na wapagazi kutoka pwani ya bahari ya Hindi, safari ya miezi mingi. Mtu aliweza kumwombea ndugu yake apone, kumbe ndugu huyo amekwisha kuzikwa zamani. Leo simu ipo, ingawa katika vijiji vingi yampasa mwenye simu apande kilimani kuutafuta mtandao, akainyanyua juu kama mtu anayetega ndege. Basi mtu wa ufukoni hupenda habari kama mwenye kiu apendavyo maji, na kupenda huko si kosa. Pasipo habari, mgonjwa angelala peke yake, mfiwa angelia peke yake, na mtumbwi uliozamishwa na dhoruba usingetafutwa na mtu.

Walakini kuna swali lililo gumu kuliko lionekanavyo. Wakatekumeni hufundishwa katika amri ya nane kwamba kusema uongo ni vibaya. Wengi hutoka katika mafundisho wakifikiri hivi: kama uongo ni kosa, basi kila neno la kweli halina kosa. Je, ndivyo ilivyo?

Na uwekwe mfano, usio wa kijiji fulani, bali wa jambo liwezalo kutokea katika kijiji chochote cha pwani ile.

Ndagala huvuliwa katika usiku wa giza, kwa taa. Samaki huufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu tena, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu hushonwa, wanaume huketi chini ya miembe. Hizo ndizo siku ambazo maneno huvuliwa badala ya samaki.

Katika siku za mbalamwezi namna hiyo, kijana mmoja aliamka alfajiri kwenda kuzitazama nyavu. Akamwona mjane mmoja anatoka nyuma ya nyumba ya mzee mwenye mitumbwi mitatu, amejitwika kitunga cha ndagala zilizokaushwa, amekifunika kwa kitenge, anakwenda upesi wala hatazami nyuma. Hawakusalimiana. Jua lilipopanda, kijana akaketi pamoja na wenzake kushona wavu. Mmoja akauliza kwa mzaha kama usiku umezaa jipya. Akajibu: “Hakuna, yaya. Ila nimemwona mama yule anatoka kwa mzee na kitunga cha ndagala, na juma hili hakuna mtumbwi ulioingia ziwani.”

Ndiyo yote aliyosema. Hakuongeza, hakupunguza.

Adhuhuri, kule mtoni wanakofua nguo, ilisemwa kwamba mjane ameiba. Jioni ilisemwa kwamba huiba kila mwezi mpevu. Siku ya pili mwanamke mmoja akakumbuka kuku wake aliyepotea wakati wa masika, na kuku huyo, aliyeliwa na kicheche bila shaka, akapata mwizi wake. Wengine wakanong’ona jambo baya kuliko wizi, kwa kuwa mzee ni mwanamume, na alfajiri ni alfajiri.

Sasa, mwanamke wa pwani asiye na fedha huchukua ndagala kwa ahadi. Huzianika mchangani, huzipeleka sokoni, na akiisha kuuza hulipa. Hatii mkono wake katika karatasi yoyote. Dhamana yake ni jina lake tu. Giza liliporudi na mitumbwi ikaanza tena kuingia ziwani, mjane alishuka na kitunga chake kama kawaida. Mvuvi wa kwanza akamwambia, “Mama, leo samaki ni wachache.” Wa pili akamwambia vivyo hivyo, hali mtumbwi umejaa mpaka ukingoni. Wa tatu alikuwa akitazama maji. Akapanda kurudi nyumbani na kitunga kitupu, na nyumbani kuna watoto wanne.

Kijana aliposikia hayo, alishangaa kweli. Akasema: “Mimi sikutamka wizi. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu.” Nani aweza kumkanusha?

Lakini yafaa kulichungua tetezi lake kwa uangalifu, maana ni tetezi la wengi. Mtu anenapo, hatoi sauti tu kama ngoma. Hutia fikira katika kichwa cha mwenziwe. Kijana alijua kwamba juma lile hakuna uvuvi, na kwa sababu hiyo hasa alilitaja. Kwa nini aongeze maneno yale, “hakuna mtumbwi ulioingia ziwani”? Aliyaongeza ili wasikiaji wamalizie wenyewe. Neno “mwizi” halikutoka kinywani mwake, lakini alilichimbia shimo na kuwaachia wenziwe walipande. Mtu wa namna hiyo hana uongo katika ulimi wake, walakini hana unyofu katika moyo wake. Na watu wenye akili hujifunza mapema kulindana na uongo kuliko na kweli iliyokatwa nusu.

Tena walimu wa Kanisa hawakuacha kulitenga kosa hili na mengine. Yuko anayesingizia: huyo husema lisilokuwapo. Yuko anayedhani mabaya bila sababu ya kutosha: huyo huhukumu moyoni. Na yuko anayesengenya: huyo hufunua aibu ya kweli ya mwenziwe pasipo haja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba kumwondolea mtu jina lake jema ni kosa zito kuliko kumwibia mali, kwa kuwa jina hupita mali za nje. Wakazi wa mijini huenda wakaona hayo ni makuu mno. Wanawake wa pwani huyaelewa mara moja. Aliyeibiwa kitunga ataazima kingine kwa jirani. Aliyeibiwa jina, nani atamwazima?

Hapo wengine huruka upande wa pili na kusema: “Basi heri kunyamaza kabisa. Nimeona, nimefumba.” Jawabu hili hupendwa sana, kwa sababu hufanana na wema na wala haligharimu kitu.

Basi wafikiri juu ya kipindupindu. Ugonjwa huu hurudi mara kwa mara katika pwani za ziwa hili, toka Uvira hata Kalemie, mahali ambapo watu huteka, hufua na huoga katika maji yale yale. Ziwa lilipofurika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba na vyoo vya wakazi wa pwani, na kila mtu aliona jinsi uchafu unavyopata njia. Katika nyumba mmoja akianza kuhara maji yaliyo kama maji ya mchele, na wenyewe wakaficha kwa haya, na jirani aliyeona akanyamaza ili asiitwe msengenyaji, ugonjwa huo hautanyamaza pamoja nao. Utashuka mtoni. Mgonjwa mwenyewe, ambaye angepewa maji ya chumvi na sukari na kupelekwa upesi kwa mganga wa zahanati, aweza kufa kabla siku haijaisha. Hapo aliyenyamaza hakumhifadhi jirani yake. Alihifadhi raha yake mwenyewe. Ni vivyo hivyo kwa anayejua kwamba mtumbwi umepakiwa kupita kiasi na upepo wa kusini umekwisha kuanza, akautazama unaondoka, asiseme neno kwa kuwa mwenye mtumbwi ni mkali. Ni vivyo hivyo pia kwa majirani wasikiao kila usiku mwanamke anapigwa, na asubuhi humsalimu mumewe kama desturi.

Kumbe ulimi ule ule hukosa kwa kunena na hukosa kwa kunyamaza. Mtume Yakobo aliulinganisha na usukani, ulio mdogo na huigeuza merikebu kubwa. Na watu wa ziwani wajua kwamba usukani hauna upande mmoja ulio mwema siku zote. Huenda upande wa kuume au wa kushoto kwa kadiri ya mwamba ulipo.

Pengine njia ya kufikiri ni hii: kila habari ina wenyewe. Habari ya kipindupindu ni ya wote wanywao maji yale, na anayeificha amewanyima kilicho chao. Habari ya kitunga ni ya nani? Ni ya mjane, na ni ya mzee mwenye ndagala. Kama kijana alishuku wizi kweli, kulikuwa na milango miwili ya kubisha. Angeweza kwenda kwa mzee: “Baba, ndagala zako zimetimia?” Au, lililo rahisi kuliko yote, angeweza kumsalimu mwanamke palepale: “Mama, umeamkaje? Leta nikusaidie mzigo.” Salamu moja ingemwonyesha mengi. Lakini aliiacha milango yote miwili, akaenda chini ya mwembe, mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye haja ya habari ile, wala mwenye uwezo wa kuisahihisha.

Na wale wa mwembeni? Wao hujitetea kwamba walipokea tu. Lakini maneno hayatembei yenyewe, kama vile mtumbwi hauendi bila kafi. Mmoja wao angalisema, “Huenda amepewa,” habari ile ingalikufa pale pale kati ya nyuzi za wavu. Kila mmoja alikuwa na neno hilo mdomoni. Hakuna aliyelitumia, maana lingeharibu utamu wa mazungumzo.

Ukweli ulikuwa nini basi? Zamani, marehemu mume wa mjane alikuwa mvuvi katika mtumbwi wa mzee yule. Walipohesabiana mwisho wa msimu mmoja, mzee alimpunja, na mtu yule alikufa asilipwe. Miaka ikapita. Mzee akaanza kuzeeka, dhamiri ikamsumbua, akamwita mjane kwa siri. Akamwahidi kumlipa kidogo kidogo, kitunga kwa kitunga, alfajiri, siku ambazo pwani haina watu. Akamwomba sharti moja tu, asimwambie mtu, kwa ajili ya haya. Mjane akaahidi. Ndiyo maana alifunika kitunga kwa kitenge, ndiyo maana hakutazama nyuma.

Hapa swali la kwanza huonekana jepesi. Kijana alikosa kwa maneno machache ya asubuhi moja, bila kujua. Mzee alijua yote. Alisikia mtoni na mwembeni jinsi mwanamke anavyoitwa mwizi wa mali ambayo ni haki yake, na neno moja kutoka kwake lingetosha. Lakini neno hilo lingefunua kwamba yeye, mwenye mitumbwi mitatu, anayeketi mbele katika mashauri, alidhulumu mshahara wa mtu maskini. Ilimpasa kuchagua kati ya jina lake, ambalo kwa sehemu halikuwa la haki, na jina la mwanamke, lililokuwa la haki kabisa. Alinyamaza siku ya soko ya kwanza. Alinyamaza siku ya soko ya pili. Usiku alituma kitunga kingine kwa mkono wa mtoto, kana kwamba samaki waweza kulipa deni la namna hiyo. Mjane alikirudisha.

Je, mjane naye alifungwa na ahadi yake mpaka watoto walale na njaa? Wengi wataona kwamba sivyo: siri iliyoombwa ili kuficha aibu ya mdaiwa haiwezi kumfunga mdai, sembuse pale ambapo mdaiwa ni yule mwenye kitunga na mwenye kudai ni maskini. Angesema, asingekosa. Hata hivyo hakusema, na katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyelichunga neno la mwingine kuliko lake mwenyewe.

Siku ya soko ya tatu, nyavu zilipokuwa zinapakiwa jioni, mzee aliteremka pwani na fimbo yake. Hakutoa hotuba. Alisema mbele ya wavuvi kwamba ndagala zile zilikuwa mshahara wa marehemu, uliokaa kwake miaka kumi na mmoja, na kwamba bado hajamaliza. Kisha akamtaja kila aliyemnyima mjane samaki, akamwambia ampe. Alipopanda kurudi, wengi hawakumsalimu.

Kijana naye alielewa kazi iliyombakia. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi kwa mwenyewe, ni safari moja. Yeye ilimbidi afuate neno lake nyumba kwa nyumba, jinsi lilivyokwenda, na kila mahali aseme: “Nilisema vibaya.” Wengine walimcheka, wengine walidai kwamba hawakumbuki lolote. Katika nyumba ya nne alimkosa mwenye nyumba. Mwanamke huyo alikuwa amepanda mtumbwi wa Kalemie tangu juma lililopita kwenda kuuza ndagala, akipitia vijiji vyote vya njiani, na alikuwa ameondoka na habari ya kwanza. Kijana akauliza atarudi lini. Wakamwambia: mwezi ukiwa mpevu. Akashuka pwani, akauliza ni mtumbwi gani unaokwenda kaskazini kesho, na nauli yake ni franka ngapi.