Yule Aliyemwinua Mzee

Mtu akimwona mwenziwe ameanguka njiani akamwinua, twasema nini juu yake? Twasema ni mtu mwema, basi, neno limekwisha. Lakini katika nchi ya Uchina swali hili liliwasumbua watu miaka mingi, na habari zake, kama zilivyoandikwa magazetini, zastahili kufikiriwa polepole.

Mwezi wa Novemba mwaka 2006, katika mji wa Nanjing, bibi kizee mmoja alianguka kwenye kituo cha basi akavunjika mfupa. Kijana aliyeshuka basini akamwinua, akafuatana naye mpaka hospitali, hata akampa fedha kidogo. Halafu bibi akamshtaki, akisema, Wewe ndiwe uliyenigonga. Kijana akakana. Hati ya polisi iliyoandika maneno yao ya kwanza ilikuwa imepotea. Hata mwaka 2007 hakimu akaamuru kijana alipe yuani zaidi ya 45,000, yaani sehemu nne katika kumi za hasara. Na sababu mojawapo ilikuwa hii: mtu asiye na kosa, jamaa za mgonjwa wafikapo, huwaeleza yaliyotokea akaenda zake, huyu kwa nini alifuatana nao?

Neno hilo lilikuwa zito kuliko fedha zenyewe. Mengzi, mwalimu wao wa kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alifundisha kwamba mtu ye yote amwonapo mtoto karibu kutumbukia kisimani, moyo humshtuka papo hapo, wala si kwa kutaka sifa, wala si kwa kujipendekeza kwa wazazi. Sasa hakimu amefundisha kinyume, kwamba huruma ni dalili ya hatia.

Magazeti yakaieneza habari, kwamba kijana ameadhibiwa kwa ajili ya wema wake. Na watu wakaogopa. Tarehe 13 Oktoba 2011, katika mji wa Foshan, mtoto wa kike wa miaka miwili alikanyagwa na gari, kisha na gari la pili. Picha za kamera zilionyesha watu 18 wakimpita. Wa kumi na tisa alikuwa mwanamke maskini aokotaye takataka za kuuza. Yeye ndiye aliyemvuta kando akamtafuta mama yake. Mtoto akafa tarehe 21. Na juu ya mwanamke huyo wako waliosema, Ametaka sifa tu! Tazameni jinsi fundisho la Nanjing lilivyokuwa limeota mizizi.

Wengi waliwatetea wale 18, wakisema walichelea kushtakiwa. Mimi siwezi kukubali. Hofu ya baraza yaweza kumzuia mtu asiguse. Yamzuiaje asipige kelele?

Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2012, gazeti la kila juma liitwalo Liaowang likatoa maneno ya mkubwa mmoja wa Nanjing, ya kwamba yule kijana alikuwa amekiri kugongana na bibi. Wawili hao walipatana, wakaahidiana kutosema neno hadharani. Basi kwa miaka ile yote watu walisikitikia hadithi isiyokuwa kamili; na habari ya pili haikwenda mbali kama ya kwanza, maana habari ya kuudhi ina miguu mirefu.

Je, kosa ni la waandishi? Kwa sehemu, ndiyo. Walakini hata kama kijana aligonga kweli, fundisho la hakimu halikuwa kweli. Kugonga ni jambo la kushuhudiwa, na huruma si shahidi. Hati ilipopotea, angalisema tu kwamba hajui, kuliko kuliziba pengo kwa kuwadhania watu wote ubaya.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2017 sheria ya Uchina yasema kwamba amsaidiaye kwa hiari mtu aliye hatarini, hata akimdhuru katika kumsaidia, hatalipa. Na neno hilo limo pia katika kitabu cha sheria kilichoanza kutumika mwaka 2021. Ni sheria njema. Lakini shauri la Nanjing isingalilikata, kwa kuwa pale waligombania kama kijana ni msaidizi au ni mgongaji, na hilo halijulikani ila kwa mtu aliyeona kwa macho yake, akakubali kusimama barazani na kusema.