Kuuzungumzia Mji wa Kilwa

Mzungumzaji anayejiandaa kutoa mada kuhusu Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani ya kusini mwa Tanzania, hushawishika kuanza na orodha ya masultani, ilhali wasikilizaji huyasahau majina hayo kabla orodha haijaisha. Ni heri aanze na kitu kimoja kinachoshikika: sarafu ndogo ya shaba, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambayo iliokotwa kwenye magofu ya mji wa kale wa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, na ambayo peke yake huwapa watu picha ya biashara ya dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala.

Kutoka hapo aingie Husuni Kubwa, jumba la sultani huyo lililojengwa kwa matumbawe, yaani mawe yatokanayo na viumbe wadogo wa baharini, na hapo asiharakishe, bali aoneshe bwawa la kuogea lenye pembe nane na kueleza jinsi chokaa ilivyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yaleyale. Ujio wa msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na uvamizi wa Wareno mwaka 1505 vyatosha kwa sentensi mojamoja.

Penye simulizi pahitaji uaminifu mkubwa zaidi, kwa kuwa masimulizi ya kale husema kwamba mtawala wa kwanza kutoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa vitambaa vilivyotosha kukizunguka; habari hiyo itajwe kwa heshima yake yote, lakini itajwe kuwa ni simulizi.