Kutojua Si Ruhusa

Wapendwa, kuna mdudu wa misitu ya pwani ambaye wengi wetu hatujawahi hata kumsikia. Ni kereng'ende mkubwa, mwembamba kama ufito. Wataalamu humwita Coryphagrion grandis. Anaishi kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Msumbiji. Hapa nchini ameonekana Shimba Hills kule Kwale. Huyu hatagi mtoni wala ziwani. Hutaga kwenye shimo la mti lililojaa maji ya mvua, na humo mtoto wake hukua akila viluwiluwi vya mbu. La ajabu, jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Afrika nzima yuko peke yake.

Wamebaki wangapi? Hapo ndipo penye kazi. Utamhesabuje mdudu ambaye utoto wake wote ni kikombe cha maji ndani ya mti? Shirika la IUCN, linaloorodhesha viumbe walio hatarini tangu 1964, lina fungu liitwalo "taarifa hazitoshi", na wadudu wengi wa maji wamo humo. Mtu akisikia hivyo husema, ah, basi hakuna shida, tukate tu. Lakini "hatujui kama anakwisha" si sawa na "hakwishi". Hata mtoto wa Shule ya Jumapili anajua tofauti yake.

Kumbukumbu la Torati 22:8 linamtaka anayejenga nyumba atie ukingo darini. Halingoji mtu aanguke kwanza.

Halafu tuambiane ukweli: kutojua kwingine ni kwa kutotazama. Vipepeo wa Arabuko-Sokoke tunawajua vizuri, maana tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewapa wanavijiji pesa kwa kuwafuga. Kereng'ende halipi karo ya mtu. Nani basi atamhesabu?

Simlaumu mama anayechoma makaa apate unga. Siwezi. Ninaloliwaza ni ule mti mkuukuu wenye pango, usiotoa mbao, ambao watu husema heri uwe makaa. Miti hiyo iko hata huku kwetu Kilifi. Wewe unayefuatana nao na panga, uliza kama ndani mna maji. Watakucheka. Waache wacheke, uliza tena.