Usimrudishe Majini Kabla Hajaamka



Vijana wenzangu, tafakari ya leo naianza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa Pande, wilaya ya Kilwa, nimemsindikiza rafiki yangu kwenda kusalimia kwao. Asubuhi na mapema tukashuka pwani kuwapokea wavuvi waliokwenda kutoa jarife. Kwa msiokulia pwani, jarife ni wavu wa kutega. Unaachwa baharini usiku kucha, unatolewa asubuhi. Siku hiyo, pamoja na samaki, walikuja na kasa. Gamba lake lilikuwa na pengo upande mmoja, kama sahani iliyomeguka. Hakuwa anajitikisa.

Kasa anaishi baharini, lakini anavuta hewa kama mimi na wewe. Akinaswa chini asiweze kupanda juu kupumua, anazama kama mtu anavyozama. Mmoja wetu akamgusa pembeni mwa jicho. Jicho likapepesa. Jamani, tulivyofurahi! "Mzima! Mzima!" Wanne tukambeba, tukaingia naye maji ya kiunoni, tukamsukuma. Akapotea. Mimi nikapiga picha, nikaweka status na maneno matamu kuhusu kazi ya uumbaji wa Mungu. Pongezi zikamiminika. Nililala usiku ule najiona Fransisko wa Asizi.

Kesho yake bahari ikamrudisha. Alikuwa mchangani, amekufa, na lile pengo kwenye gamba.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amesimama pale.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiye yule wa jana?"

"Ndiye, babu."

"Mlipomtia majini, alikuwa kaamka?"

"Alikuwa anapepesa jicho."

"Kupepesa jicho si kuamka." Akanyamaza kidogo. "Kwani mlikuwa na haraka ya nini?"

Sikuwa na jibu. Hatukuwa na basi la kuwahi. Haraka yetu ilikuwa ni ya kumaliza. Tulitaka jambo jema likamilike pale pale, tupige picha, twende tukanywe chai.

Baadaye nilikuja kujifunza jinsi inavyotakiwa. Kasa aliyezimia kwa kunywa maji harudishwi baharini. Analazwa kifudifudi, kivulini, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kama sentimeta 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni. Anafunikwa kitambaa kibichi, lakini pua zinaachwa wazi. Halafu unakaa naye. Anaweza kuchukua saa 4 kuzinduka, anaweza kuchukua saa 24. Mara kwa mara unamgusa taratibu kuona kama yupo. Mpaka anyanyue kichwa mwenyewe, avute pumzi vizuri, apige mapezi kwa nguvu. Hapo ndipo anaruhusiwa kwenda.

Saa 24, ndugu zangu. Sisi tulimpa dakika kumi.

Kuna kesho yake katika Injili

Habari ya Msamaria Mwema (Luka 10:25-37) tumeisikia tangu Kipaimara, na wengi wetu tunaikumbuka mpaka pale anapomfunga majeraha yule mtu na kumpandisha juu ya mnyama wake. Hapo tunafunga kitabu. Lakini Yesu hakuishia hapo. Anasema Msamaria alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Na siku iliyofuata akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwomba aendelee kumwangalia, akaahidi kwamba akirudi atalipa chochote kilichozidi.

Angalia vizuri. Kuna usiku mzima wa kukaa na mgonjwa. Kuna kesho yake, kuna fedha mfukoni, na kuna ahadi ya kurudi. Yupo pia mtu ambaye hatumtaji kabisa katika mahubiri yetu: mwenye nyumba ya wageni. Huyu hakumkuta mtu njiani. Aliletewa. Ndiye aliyebaki na kazi ya kubadilisha vitambaa, kupika uji, kufua mashuka yenye damu, wakati msimuliaji ameshaendelea na habari nyingine.

Kituo cha kuokoa wanyama ni ile nyumba ya wageni.

Pwani hii hii yetu ya Bahari ya Hindi, kule Watamu nchini Kenya, kipo kituo cha namna hiyo. Shirika linaitwa Local Ocean Conservation. Lilianza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Mvuvi akimkuta kasa katika wavu wake, anawapigia simu. Wanakuja. Wanampima, wanamkagua mwili mzima, na kama ni mzima wanamwekea alama na kumwachia baharini. Mvuvi anapewa hela kidogo ya kufidia muda na usumbufu wake. Si bei ya kasa, maana kasa hauzwi. Kama ni mgonjwa, anapelekwa kituoni, anawekwa kwenye tangi. Wapo wanaoletwa na majeraha ya ndoana na nyavu. Wapo walio na uvimbe. Wapo waliokula plastiki: tumbo limeziba, limejaa gesi, kasa anaelea juu kama dumu tupu na hawezi kupiga mbizi kutafuta chakula. Huyo anaweza kukaa wiki, anaweza kukaa miezi.

Sasa jiulize: katika miezi hiyo kazi ni nini? Ni kubadilisha maji, kusugua tangi, kukata chakula vipande, kumpa dawa, kumpima uzito, kuandika daftarini kala kiasi gani na kanya au hajanya. Kesho tena hivyo hivyo. Watu wengi wanaoomba kujitolea katika vituo vya wanyama wanafikiri wataenda kumkumbatia mnyama. Wakifika wanakabidhiwa brashi na ndoo. Anayedumu na ile ndoo ndiye anayeokoa.

Na kwetu Tanzania, shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji wa pwani, Kilwa ikiwemo, kulinda kasa na viota vyao. Kiota cha kasa kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa. Maana yake kuna mtu wa kijijini, hajulikani mjini, anayetembea ufukweni alfajiri baada ya alfajiri akiangalia kama kiota kipo salama. Kasa mwenyewe atachukua miaka mingi, 20 na kuzidi, mpaka naye aje kutaga. Anayelinda yai leo anafanya kazi ambayo huenda asione mwisho wake.

Huruma ya dakika kumi

Wapendwa, sisi vijana tuna huruma. Nasema kwa dhati, hatuna mioyo ya mawe. Rafiki akifiwa, kwenye group la VIWAWA ndani ya saa moja michango imeshafika. Mwenzetu akilazwa, Jumapili baada ya Misa tunajaza wodi. Binti akipata ujauzito akaacha shule, tunasema tusimhukumu. Kijana akitoka kwenye dawa za kulevya, tunampigia makofi kanisani, tunamwita mbele atoe ushuhuda.

Halafu? Wiki ya tatu baada ya mazishi, nani anapita kwa yule mfiwa? Yule binti, mtoto akishazaliwa na maziwa hayatoshi, nani anabisha hodi? Yule kijana tuliyempa kipaza sauti, wiki ya pili usiku anatetemeka peke yake chumbani, simu yake inapokelewa na nani?

Tunaona jicho limepepesa, tunasema mzima, tunamsukuma majini. Akirudi ufukweni amekufa tunashangaa: "Mbona alikuwa anaendelea vizuri?"

Hapana. Alikuwa hajaamka. Na sisi tulikuwa na haraka.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Nilikuwa nalisikia neno hilo kama somo la mazingira. Pale Pande nililielewa kwa mwili. Mkono unaomtupa kasa kwa haraka ndio huo huo unaomtupa binadamu kwa haraka. Na mkono uliojifunza kukaa saa 24 na kiumbe ambacho hakitasema asante, mkono huo unaweza kuuguza mtu.

Lakini mwisho wake ni kumwachia

Kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewapotosha. Wapo wanaokaa na mtu, wakakaa, wakakaa, mpaka wakamfanya wao. Hawataki apone, maana akipona hatawahitaji tena.

Nchini Kenya alikuwepo mama mmoja, Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018. Mume wake, David, alikuwa mlinzi mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Alipofariki mwaka 1977, mama huyu alianzisha shirika kwa jina lake, wakawa wanalea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao. Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake anamkumbuka tembo mchanga aliyemwita Aisha. Kwa miaka mingi alikuwa akishindwa kupata maziwa yanayomfaa tembo mchanga. Kwa Aisha akafanikiwa, kwa kuchanganya mafuta ya nazi. Alimlea usiku na mchana. Kisha akasafiri kwenda harusini kwa binti yake. Aisha akakataa kula. Alikuwa amempenda mtu mmoja tu, na mtu huyo hayupo. Akafa.

Mama Daphne hakujificha nyuma ya visingizio. Alijifunza. Tangu hapo walezi wanapokezana: analala na mtoto wa tembo huyu leo, kesho anahamia kwa mwingine, ili mtoto awapende wote kama familia, asimtegemee mmoja kwa uhai wake. Na lengo tangu siku ya kwanza ni Tsavo: siku moja, baada ya miaka, atembee na tembo wa porini na asigeuke nyuma.

Hapo namkumbuka Lazaro (Yohane 11). Yesu amemwita, ametoka kaburini, bado amefungwa vitambaa mikono na miguu. Bwana anawaambia waliosimama pale wamfungue, wamwache aende zake. Sikia agizo hilo: wamwache aende. Yesu hakumfufua Lazaro ili amzungushe naye mijini kama ushahidi. Alimrudisha nyumbani kwake Bethania, kwa dada zake, kwenye meza yao.

Basi kama unamsaidia mtu, jiulize maswali mawili. La kwanza: je, nimekaa naye mpaka ameamka kweli? La pili: ameshaamka, je, niko tayari aende bila mimi? Anayeshindwa la kwanza ana haraka. Anayeshindwa la pili anajipenda mwenyewe. Kristo hakuwa na kosa hata moja kati ya hayo mawili. Alikaa nasi mpaka msalabani, na bado anatuacha huru.

Wiki hii tufanye hivi

Kwanza, mkumbuke mtu mmoja uliyemsaidia mwaka huu halafu ukaacha. Usitume ujumbe wa "nakuombea". Nenda. Kaa naye. Kama yuko mbali, piga simu, usikilize zaidi ya unavyoongea.

Pili, wenye vyama vya vijana parokiani: mkipanga tendo la huruma, pangeni na la mwezi wa pili na wa tatu. Andikeni zamu, majina na tarehe, kama walezi wa tembo. Upendo usio na zamu unamchosha mtu mmoja na kumwacha mgonjwa peke yake.

Tatu, kwa ndugu zangu wa pwani, kuanzia Kilwa mpaka Lindi: kasa analindwa na sheria. Ukimkuta kwenye wavu, usimchinje, na usimtupe majini akiwa amezimia. Kivulini, nyuma juu, kitambaa kibichi, pua wazi. Mjulishe afisa uvuvi au BMU ya kijijini. Na ukae.

Yule babu wa Pande ni Mwislamu, nami ni Mkatoliki. Siku ile alinihubiria vizuri kuliko nilivyojihubiria mwenyewe kwenye status. Picha ile nimeshaifuta. Lakini swali lake bado ninalo, na kila ninapomaliza kumsaidia mtu nalisikia: kwani una haraka ya nini?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, Wewe huna haraka nasi. Umekaa nami nikiwa nimezimia katika dhambi zangu, ukanigusa taratibu kila siku kuona kama nimeamka. Nipe moyo unaokaa. Nifundishe kusugua tangi pasipo mtu wa kuniona, na kurudi kesho yake. Na siku mwenzangu atakapopata nguvu, nipe neema ya kumfungulia na kumwacha aende, nami nifurahi. Bikira Maria, Mama uliyesimama chini ya msalaba mpaka mwisho, utuombee. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.

Amina.