Kumpima Mtoto kwa Hesabu ya Wengi

Mtoto wa Mabatini akichemka homa usiku, malaria ndiyo hushukiwa kwanza. Utafiti uliofanyika Kituo cha Afya Makongoro, hapo hapo jijini Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2012 ulitoa sura nyingine: kati ya watoto 231 wenye homa, 47 walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo kila mtu huyaita U.T.I. Wenye malaria kali walikuwa 22.

Wengi hupona kwa dawa. Lakini kwa baadhi yao kuna kasoro iliyojificha: pale mrija wa kutoka figoni unapoingia kwenye kibofu hapafungi sawasawa, hivyo mkojo hurudi juu na kupandisha vijidudu hadi kwenye figo. Kati ya watoto wanaopata U.T.I. yenye homa kwa mara ya kwanza, takriban mmoja kwa kila watatu ana kasoro hiyo. Kuithibitisha si kazi nyepesi. Mtoto huwekewa mpira wa mkojo, kibofu hujazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha hupigwa picha akikojoa. Hulia, hushikwa, huogopa.

Je, ni haki kumuumiza asiyeweza kukubali wala kukataa, ili wakubwa wajue?

Madaktari wametafuta nafuu katika ubashiri. Kiwango cha prokalsitonini, protini inayopanda katika damu kukiwa na maambukizi makali, picha ya utrasaundi, ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuwa na tatizo hilo: kila dalili hupandisha au kushusha uwezekano. Kanuni ya kuzijumlisha dalili za namna hii ilitoka kwa mhubiri, Thomas Bayes wa Uingereza, ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, yeye akiwa tayari kaburini.

Hata hivyo kanuni hiyo haimjui mtoto yeyote kwa jina. Mfumu, yaani mganga mpiga ramli, wa Usukuma anayepasua kuku hutoa jibu la nyumba moja, kwa uhakika wote. Hospitali hutoa jibu la kundi, na husema wazi kwamba huenda likakosea. Mkojo wa mtoto huyu ama unarudi ama haurudi. Theluthi inayotajwa hupima kutojua kwetu, na anayesahau hilo huigeuza namba kuwa kudura.

Tena, kujua kwenyewe kuna mipaka ya faida. Jaribio la RIVUR la Marekani, lililochapishwa mwaka 2014, liliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 607 ambao mkojo wao ulikuwa ukirudi. Waliopewa kila siku dawa ya jamii ya Septrin walipata maambukizi mapya karibu nusu ya wenzao, lakini makovu ya figo hayakupungua, na vijidudu sugu viliongezeka. Mwaka 2011 madaktari wa watoto wa nchi hiyo waliacha kupendekeza kipimo hicho cha mpira kwa kila mtoto baada ya U.T.I. ya kwanza yenye homa. Utrasaundi, isiyoumiza, hutangulia.

Atakayepinga atasema kutopima nako ni uamuzi, na figo inaweza kuharibika bila kelele. Ni kweli. Ndiyo maana homa ya U.T.I. ikirudi, au utrasaundi ikionyesha figo iliyotanuka, maumivu ya kipimo yana uhalali: jibu litabadilisha matibabu. Wasiwasi wa mzazi peke yake hautoshi, wala udadisi wa daktari.

Kuna haki nyingine inayodai nafasi yake. Bugando, hospitali ya rufaa, inahudumia Kanda ya Ziwa nzima, na haiwezekani kila mtoto mwenye homa apelekwe huko. Kwa wengi wao, deni la kwanza ni dogo kuliko ubashiri wowote: kikopo cha mkojo na mtu wa maabara. Basi mzazi wa Mabatini, mtoto akiwa na homa isiyo na chanzo, usiondoke zahanati kabla hujauliza kama mkojo wake umepimwa.