Mtoto Aliyeuamini Mto

Ukiandika hadithi za giza katika nchi hii, kuna siku utaulizwa swali, na huenda anayeuliza akawa mama yako mzazi. Damu andika. Mazimwi andika, hata maiti zitembee ukitaka. Lakini kwani ni lazima uguse Meza ya Bwana?

Huwa hakuna hasira katika swali hilo, kuna hofu. Mama anajua kuna vitu havichezewi, na kikombe cha komunyo ni kimojawapo. Wasomi wengi humcheka. Mimi naona yeye yuko karibu na ukweli kuliko wao, manake anayesema "usiguse" angalau anaamini kuna kitu pale. Anayesema "gusa tu, ni mkate" hawezi kuandika hadithi ya kuogofya hata ukimfungia usiku kucha katika makaburi ya Lang'ata.

Chukua Dracula. Kila mtu anamjua kwa filamu: joho jeusi, meno, popo. Kitabu chenyewe kilitoka 1897, kimeandikwa na Bram Stoker, Mprotestanti wa Dublin, na kiini chake si meno. Ni komunyo iliyogeuzwa chini juu. Dracula anamshika Mina, anajichana kifuani na kumlazimisha anywe damu yake. Baadaye Van Helsing anamgusisha hostia kwenye paji la uso ili kumkinga, na hostia inamchoma kama chuma kilichotoka motoni. Huyo Van Helsing ameibeba hostia kutoka Amsterdam, na kurasa kadhaa nyuma tulimwona akiivunjavunja na kuikanda na udongo laini, kama ule mafundi huzibia vioo vya madirisha, ili azibe nyufa za kaburi la Lucy. Katekista yeyote angezimia. Lakini hofu yote ya kitabu inasimama juu ya jambo moja, kwamba ule mkate si mkate. Ondoa hilo, unabaki na mwanamume mzee mwenye shida ya meno.

Wala Stoker hakuianzisha hofu hiyo. Katika karne za kwanza, Waroma walisimuliana kwamba Wakristo hukutana kwa siri na kula watoto. Minucius Felix, aliyeandika kitabu kuwatetea Wakristo, ameuweka uvumi huo wazi: mtoto mchanga hufunikwa unga, mgeni anayejiunga huambiwa apige bila kujua anapiga nini, halafu wote hula. Mkate, damu, mwili. Ni maneno ya ibada yenyewe, yaliyosikika na jirani aliyeweka sikio ukutani.

Mnamo mwaka 112 hivi, gavana Pliny aliwahoji Wakristo wa Bithynia, sehemu ya Uturuki ya leo, akamwandikia Kaisari Trajan kwamba chakula chao ni chakula tu, hakina ubaya, na kwamba hujifunga kwa kiapo wasiibe wala wasizini. Neno la Kilatini alilotumia kwa kiapo hicho ni sacramentum. Lilikuwa neno la kambini: kiapo cha askari kwa jemadari wake. Sisi tumelipokea likiwa limeshaoshwa na kupigwa pasi. Sakramenti ni gauni jeupe, picha na mpiga picha wa mtaani, keki, pilau nyumbani kwa shangazi. Kiapo kilibaki nje ya lango.

Na bado sisi, Wakenya, tunajua kiapo ni nini. Miaka ya 1950 watu wa Kenya ya kati walikula kiapo cha Mau Mau gizani, kwa nyama ya mbuzi na udongo. J. M. Kariuki, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu maisha ya kizuizini, anaeleza vile baada ya kiapo aliona maisha yake ya nyuma kama kitu kitupu, akajihisi ana nguvu mpya. Badilisha majina machache na huo ni ushuhuda wa mtu aliyeokoka. Upande wa pili walikuwa Wakristo wa Uamsho, waliokataa kula kiapo kwa sababu damu ya Yesu ilikuwa imeshawafunga, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa. Serikali ya kikoloni nayo ilikiandikia kiapo hicho kurasa nyingi za vitisho, kana kwamba ilikuwa inatunga riwaya ya mazimwi, na Jumapili maofisa wake wakaenda kupiga magoti mbele ya kikombe. Watu hawa walichukiana hadi kufa, lakini hakuna aliyesema "ni nyama tu" au "ni divai tu". Wote walikubaliana kwamba unachomeza kinakufunga.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilielewa jambo hili kuliko mapadri wengi. Katika A Grain of Wheat, ya 1967, Mugo anaungama mbele ya umati siku ya Uhuru kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Hakuna kizimba cha kitubio, hakuna padri wala Salamu Maria tatu. Anasema, umati unanyamaza, halafu waliobaki msituni wanakuja kumchukua.

Lakini hadithi ninayotaka tukae nayo ni fupi zaidi, na imetoka mbali: jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kwa Flannery O'Connor, Mkatoliki aliyefariki 1964 akiwa na miaka 39. Inaitwa "The River", na iko katika mkusanyiko wake wa 1955.

Kuna mtoto wa miaka minne au mitano hivi. Wazazi wake ni watu wa mji na wa sherehe. Asubuhi mama ana kichwa kizito cha pombe, na jina la Yesu mtoto amelisikia nyumbani kama tusi tu. Yaya anamchukua kwa siku moja, anampeleka kwake, anamwonyesha kitabu cha picha ambamo Yesu anafukuza nguruwe kutoka ndani ya mtu. Kisha wanaenda mtoni, ambako mhubiri kijana anabatiza. Mtoto yuko tayari kucheka, maana kwao kila kitu ni mzaha. Anauangalia uso wa mhubiri na kugundua kwamba huyu hafanyi mzaha. Anazamishwa. Anaambiwa kwamba sasa anahesabika, kwamba kabla ya hapo hakuwa anahesabika.

Hebu fikiria kumwambia hivyo mtoto ambaye kwao hakuna anayemhesabu.

Kesho yake anaamka, wazazi wamelala. Anajitafutia kitu cha kula, anaondoka peke yake na kurudi mtoni. Anataka kujibatiza mwenyewe na safari hii aendelee mbele mpaka aufikie Ufalme wa Kristo, ambao ameelewa kuwa uko chini ya maji, manake hivyo ndivyo alivyoambiwa. Mto unamkataa kwanza, unamrusha juu. Kisha unamchukua.

Nimewahi kuijadili hadithi hii na watu wa rika langu, na kila mara hugawanyika pande mbili. Kuna wanaosema mhubiri amemuua mtoto. Kuna wanaosema wazazi walimuua, mhubiri alimpa tu mahali pa kwenda. Mwandishi mwenyewe hakuwa upande wowote kati ya hizo. Alisema kwamba mtoto yule alifika mwisho mwema: hajafikia umri wa kujua anachofanya, kwa hiyo hakujiua, amebatizwa, ameenda kwa Muumba wake, ameepushwa na wale wazazi.

Ukiyasoma maneno hayo ukiwa Mkenya baada ya 2023, mwili unasisimka.

Aprili mwaka huo msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, ikiwemo ya watoto wengi. Upande wa mashtaka unasema waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Najua kufunga si sakramenti katika katekisimu yoyote. Lakini mantiki ni ile ile ya mto: kuna tendo la mwili, ukilifanya hadi mwisho mlango unafunguka. Na kuna jambo ambalo magazeti yaliliandika likapita haraka. Baadhi ya waliookolewa walikataa chakula. Juni mwaka huo 65 kati yao walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kujaribu kujiua. Mtu amekukuta unakufa, amekupa uji, na wewe unamwona ni mjumbe wa shetani aliyekuja kukufungia mlango.

O'Connor aliliandika hilo miaka mingi kabla. Ukingoni mwa ule mto kuna mzee anaitwa Paradise, jina la kejeli kabisa. Ana uvimbe wa saratani juu ya sikio, haamini chochote, na huenda kwenye ubatizo ili watu waone kwamba hajapona. Ni mtu wa kuchukiza, na mwandishi anahakikisha unachukizwa naye. Asubuhi ile anamwona mtoto akipita peke yake, anamfuata akiwa na kijiti kikubwa cha peremende. Hapo msomaji anashuku mabaya, na ni haki yake, maana hadithi haimsafishi mzee. Lakini mtoto anapozama, anayekimbia na kujitosa majini akipiga kelele ni huyo. Mtoto anageuka na kumwona: kitu kama nguruwe mkubwa kinamjia kikitikisa rungu. Nguruwe wa kwenye kitabu cha picha. Anapiga mbizi kumkimbia, na mkondo unamkamata.

Yaani mtoto alikuwa ameshafundishwa shetani anafananaje. Ndiyo maana hakuweza kuokolewa.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na maneno hayo ya O'Connor. Nadhani hadithi yake ina haki zaidi kuliko yeye. Kwenye maneno yake mto ni mlango wa mbinguni, basi. Kwenye hadithi mto ni mlango, na ni maji baridi yenye mkondo, na kuna mzee mbaya anayejaribu kuogelea, na hakuna anayeruhusiwa kukuambia kipi kati ya hivyo kifutwe. Mwandishi anayeamini tu angemfuta mzee. Mwandishi anayedharau tu angemgeuza mhubiri kuwa tapeli anayekusanya sadaka, na sote tungelala vizuri. Ubaya ni kwamba mhubiri yule si tapeli. Anasema anachokiamini, na maneno yake yanafanya kazi. Tapeli tunaweza kumkamata. Mtu anayeamini, mbele ya mtoto aliyemwamini, hatuna sheria yake.

Hapa ndipo naona kufuru ilipo, kama mama anataka niitaje. Kuna aina ya hadithi, tunazisoma kila wiki, ambazo zinaweka msalaba uliopinduliwa, mishumaa myeusi na kichwa cha mbuzi kwa sababu mwandishi ameona hivyo kwenye filamu. Hapo sakramenti ni pambo, kama mapazia. Nchi yetu ina udhaifu huo huo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kwa miaka mingi watoto wa shule tuliogopeshwa na pete, nyoka na alama za siri. Tulijifunza kumtafuta shetani mahali ambapo ameweka ubao wa matangazo. Shakahola haikuwa na pembe. Ilikuja na Biblia, nyimbo, na watu wapole waliouza mashamba yao.

Ndiyo jibu langu, mama. Kikombe nitakigusa, lakini nitakigusa nikijua kwamba kinaweza kufanya kitu. Nikimwandika mtoto anayebatizwa, nitayahesabu maji: yana kina gani, yana ubaridi gani, nani yuko ukingoni na anaweza kuogelea. Sitaandika kwamba mhubiri ni mwizi ili wewe na mimi tujisikie salama. Na ukiniuliza kwa nini nisichague tu hadithi nyingine isiyo na mto, nitakuambia mto uko hapa hapa, na watoto wanaambiwa habari zake kila Jumapili, mara nyingi na watu wanaowapenda.

Huyo mzee Paradise hakumpata mtoto. Aliibuka mbali sana, kule chini mto unakoelekea, akasimama majini mikono mitupu, akitazama mbele hadi macho yake yalipokomea.