Fungu la Paka

Swali ninaloliweka mbele yenu laweza kuonekana dogo, hata wengine watacheka. Mtu mwenye mapato machache ampe paka wake chakula gani, na je, ni haki kumpa? Nimesikia watu wakijibizana barazani juu ya jambo hili hata giza likaingia. Mmoja alisema ni dhambi kumpa mnyama samaki ilhali mtoto wa jirani amelala na njaa. Wa pili alisema paka halishwi. Kazi yake ni panya, naye akishiba atakuwa mvivu. Wa tatu hakusema neno, maana yeye humtupia paka wake cho chote kilichobaki chunguni, wala hafikiri zaidi. Mimi nami nilikuwa upande wa yule wa pili kwa muda mrefu, na leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyotoka huko.

Nyumba yangu iko Soweto, hapa mjini Moshi. Mahindi na maharage tunayovuna katika shamba la tambarare huwekwa katika chumba cha nyuma, na panya wa mjini hawana adabu. Kwa hiyo mama mkwe wangu alituletea paka jike kutoka kihambani kwake, rangi yake ya majivu. Mwaka ule nilikuwa nikimlipia mdogo wangu ada ya chuo, na fedha zilinibana sana. Nikaamuru nyumbani, “Paka apewe ugali uliobaki, na mchuzi ukiwapo. Mengine atajitafutia.” Jambo hilo nililiita uwekevu, tena nilijisifu kwalo.

Haikupita miezi mingi manyoya ya paka yule yakapoteza mng’ao wake, mbavu zake zikahesabika, naye akawa halali nyumbani. Panya walizidi kutoboa magunia. Kisha asubuhi moja mama mmoja wa jirani, mtu mzima wa rika la mama yangu, alibisha hodi. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa ugomvi. Paka wako amekula perege wangu wawili niliokuwa nimewaweka tayari kukaanga. Lakini simlaumu paka.”

Neno hilo la mwisho lilinichoma. Jioni yake nikagundua ya kuwa binti yangu mdogo, aliyekuwa darasa la pili, huficha kipande cha samaki wake katika kiganja akampelekea paka uani. Nilipomkemea alinijibu kwa upole, “Baba, wewe hutufundisha kwamba kibarua asinyimwe mshahara wake. Huyu analinda mahindi yetu usiku kucha. Mshahara wake uko wapi?” Sikuwa na jibu. Nilitambua kwamba gharama ya paka wangu haikuwa imepungua hata kidogo. Nilikuwa nimewatwika wengine tu, mama jirani na mtoto wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa bwana mifugo kuuliza. Alinieleza ya kuwa paka si kama mtu, wala si kama mbwa. Mtu aweza kuishi kwa maharage na mboga, na mbwa huvumilia vyakula vingi, lakini mwili wa paka umeumbwa kwa nyama. Hawezi kujitengenezea vitamini A kutokana na karoti au mboga za majani, bali huipata katika nyama na samaki. Tena kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha, nacho hakimo katika mahindi wala mchele. Mwaka 1975 wataalamu huko Marekani walieleza kwamba paka waliokosa taurini katika chakula walianza kuharibika macho. Mwaka 1987 wengine wakaonyesha kwamba upungufu huohuo hulegeza moyo wa paka, na kwamba akirudishiwa taurini mapema aweza kupata nafuu. Basi wahenga hawakukosea waliponena kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya.

Na lile neno la kwamba mwenye njaa ndiye mwindaji hodari, nalo si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwani ndivyo alivyo. Mwenye njaa kali hudhoofu, hutangatanga, na huiba. Mtaalamu mmoja wa viumbe wa Uingereza, Charles Elton, alichunguza paka wa mashambani, na mwaka 1953 aliandika ya kuwa panya wakiisha kuondolewa, paka wanaopewa riziki nyumbani hukaa karibu na majengo na kuwazuia panya wasirudi. Kumbe riziki ile ndogo ndiyo inayomfunga mlinzi kwenye lindo lake.

Hapa ndipo nilipojifunza tofauti iliyopo kati ya uwekevu na ubahili. Mbahili huuliza neno moja tu: “Nitatoa kidogo kiasi gani?” Mwekevu huuliza kwanza, “Ni nini kinachohitajiwa?” kisha hutafuta njia ya kukipata kwa bei nafuu. Wote wawili huchunga senti, lakini mmoja huchunga kwa macho na mwingine kwa upofu.

Wazee wetu wa Uchaggani walilijua jambo hili walipochinja mbuzi. Hawakugawa nyama kwa kubahatisha, bali kila mtu alikuwa na fungu lake kwa kadiri ya ujamaa na heshima yake. Fungu la mmoja lilikuwa kubwa na la mwingine dogo. Wala mwenye dogo hakulalamika, maana lilikuwa lake, naye alijua litakuja. Aibu haikuwa kupewa kidogo, aibu ilikuwa kusahauliwa. Nikasema moyoni, paka naye ana fungu lake katika nyumba yangu, nalo ni la mwisho, lakini ni fungu.

Basi nitawaambia fungu hilo ni nini, ili neno langu lisiwe la hewani. Paka mzima mwenye uzito wa kilo 4 huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku, au kuzidi kidogo. Sisi twanunua dagaa wakavu wa Ziwa Victoria sokoni, na konzi moja ndogo, yapata gramu 30, ndilo fungu lake la dagaa kwa siku. Kwa hiyo kilo moja yafika mwezi. Kwanza twawaosha kuondoa mchanga na chumvi, kisha twawachemsha bila chumvi na bila vitunguu, kwa maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Maji yaliyochemshia hayamwagwi, kwani sehemu ya taurini huingia humo. Twayachanganya na ugali kidogo, usiozidi dagaa wenyewe, naye hupewa nusu asubuhi na nusu jioni. Mara mbili kwa juma huongezewa kipande cha moyo au pafu la ng’ombe, vitu ambavyo bei yake buchani ni ndogo kuliko ya nyama. Ini lina nguvu sana, basi apewe kidogo tu na si kila siku. Vichwa vya perege kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, vikichemshwa na mifupa migumu ikiondolewa, vyamfaa pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana hupasuka kama vijiti vikamchoma ndani. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wazima. Kinywaji chake ni maji safi, nayo hayana gharama kubwa.

Sasa nirudi kwa yule wa kwanza, aliyesema ni dhambi kumlisha paka ilhali mtoto ana njaa. Neno lake ni zito, wala sitalipuuza. Namjibu hivi: mtoto kwanza. Kama kuna konzi moja tu ya dagaa ndani ya nyumba, hiyo ni ya mtoto, wala hakuna ubishi. Lakini mara nyingi twalitaja jina la mtoto mwenye njaa ili kuuficha ubahili wetu. Miezi ile niliyomnyima paka, je, nilizipeleka zile dagaa kwa mtoto ye yote wa jirani? Sikuzipeleka. Moyo unaomsahau kiumbe aliye chini ya meza yake si rahisi kumkumbuka mtu aliye nje ya mlango wake.

Kosa liko upande wa pili vilevile. Mtu anayemnunulia paka vyakula vya makopo kutoka ng’ambo, huku binti wa kazi anakula ukoko jikoni, hamtendei paka wema; anajipamba tu kwa paka. Haki ina utaratibu wake, na anayeupindua utaratibu amekosa, hata kama mkono wake umejaa.

Tena kuna uwekevu ulio mkubwa kuliko wa dagaa, nao ni wa idadi. Paka jike aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara watoto kadha wa kadha. Asiyeweza kulisha mmoja atalishaje sita? Wengine huwatia watoto wa paka katika gunia, wakawatupa jalalani au sokoni usiku, kisha hulala usingizi. Ndugu zangu, huo ndio ukatili wenyewe. Bwana mifugo aweza kumfunga paka kizazi, na gharama hiyo hulipwa mara moja tu. Na mtu akiona hana uwezo hata wa fungu dogo, afadhali asifuge, au ampe jirani aliye na uwezo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo humtaka mwenye mnyama amlinde na njaa na kiu. Lakini twasikitika ikiwa twangoja sheria itufundishe jambo ambalo mtoto wa darasa la pili amekwisha kuliona.

Mama jirani nilimlipa perege wake wawili. Alikataa kwanza, kisha akapokea, na kichwa cha mmoja akamrudishia paka. Panya hawakwisha kabisa, ila magunia hayatobolewi kama zamani, na yule paka wa majivu hulala mlangoni mwa chumba cha nyuma. Kila jioni binti yangu ndiye apimaye konzi ile, kwa kiganja chake, na simsimamii.

Basi, msomaji, usiku huu mtakapokwisha kula, tazama ni nani katika nyumba yako anayepokea mwisho: mzee asiye na meno, mtoto wa kulea, binti wa kazi, ng’ombe zizini, paka uani. Usiulize kama wamepata kingi, kwani wengi wetu hatuna kingi. Jiulize kama kila mmoja wao anajua ya kuwa fungu lake litakuja.